Lamu mjini au kisiwani Kiwayu?

Hamjambo. Mume wangu anataka likizo yenye watu, soko na mabaraza. Mimi nataka kusikia mawimbi tu. Twende wapi Desemba?

JIBU: Dada yangu, mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa Lamu mjini. Mitaa yetu haipiti magari, lakini kimya usikitarajie: punda hulia alfajiri, adhana hupokezana, na pale Mkunguni mbele ya ngome watu hubarizi hadi usiku. Naupenda mji wangu hivyo hivyo. Ila nyinyi laleni Shela, kijiji jirani. Ufuo wake una kilomita kama 12. Ukishazipita hoteli za mwanzo, ni mchanga na bahari tu. Shemeji akitamani watu, afuate pwani kwa miguu, hata saa nzima haifiki yuko mjini.

JIBU: Kiwayu ni kuzuri mno, lakini ni mbali. Mkiwa wawili boti ni ghali, tafuteni wenzenu wa kuchangia.

JIBU: Takwa, kisiwani Manda, msiikose! Magofu ya kale, watu wachache. Ila ondokeni maji yakijaa. Yakitoka, boti haipiti kwenye mkondo wa mikoko. Muulizeni nahodha kabla ya kulipa.