Kubadili ala katikati ya wimbo: maelekezo yaandikwe wapi?

Mtunzi_Mpya: Wakuu, kesho nachapisha karatasi za wapulizaji. Mmoja wao anabadili ala mara 3. Jina la ala mpya niliweke pale anapoanza kupuliza, au mapema? Na niandike "muta in" (Kiitaliano, yaani "badili ala kwenda") au Kiswahili?

BaaTupu: Ala gani? Anapumzika baa (vipimo vya mapigo) ngapi? Tempo, yaani kasi, je?

Mama_Klarineti: Mapema! Mara tu baada ya noti ya mwisho ya ala ya kwanza. Yalinikuta jukwaani: baa 22 za kimya, nahesabu zangu taratibu, nafunua ukurasa, nakuta juu kabisa "Klarineti ya A", na noti hiyo hapo inaanza. Yenyewe iko kwenye stendi, baridi kama jiwe. Nikapuliza ya B-flati niliyokuwa nayo mkononi. Kila noti ikatoka nusu toni juu ya wenzangu. Kondakta alivyonitazama, acha tu. Ningejua mapema ningeipasha moto kwa pumzi kimyakimya.

Tarumbeta2: "Muta in" achana nayo. Jirani yangu aliisoma akachomeka sodini (kizibo cha kufifisha sauti), kumbe aliambiwa abadili tarumbeta 😂

FilimbiKuu: Mimi huandika mara mbili. "Shika pikolo" (filimbi ndogo) ala ya kwanza inaponyamaza, kisha "PIKOLO" ndani ya kisanduku anapoingia. Usiandike "Kwa pikolo", mtu atadhani wimbo mzima ni wa pikolo.

BaaTupu: Kisanduku kinachanganya na namba za mazoezi, zile za kuonyesha tuanzie wapi tukirudia. Herufi nzito zatosha.

FilimbiKuu: Namba si uziweke kwenye duara?

BaaTupu: Duara na namba za kurasa je?

Mtunzi_Mpya: Ni klarineti, B-flati kwenda A. Anapumzika baa 3 hivi.

BaaTupu: Baa 3! Na ulikaa kimya muda wote huo? Mwandikie yote kwenye B-flati.

Mama_Klarineti: Wimbo uko ufunguo gani? Kama ni E meja, B-flati inampa shapu (alama za kupandisha noti) 6, ya A inampa 1. Usimtese.

Tarumbeta2: Shapu 6 ni mazoezi tu. Sisi tunahamisha ufunguo kichwani kila siku.

Mama_Klarineti: Wewe una vali 3 tu za kubonyeza, kaa pembeni.

Mtunzi_Mpya: Ni E meja kweli. Mapigo 4 kwa baa, tempo mapigo 132 kwa dakika.

FilimbiKuu: Sekunde 5 na ushee hizo! Mwongezee baa, au sehemu hiyo mpe mpulizaji wa pili.

Mtunzi_Mpya: Wa pili hayupo. Sasa kisanduku niweke au nisiweke?