MJADALA: "Jibu swali ushinde" na kura za meseji za kulipia si bahati nasibu iliyovalishwa kanzu?

Kiberenge
Wakuu, za jioni. Mama yangu anauza vitumbua Tandale. Juzi kanipa simu nimwangalizie, analalamika vocha haikai. Nafungua, nakuta meseji 61 kutoka namba fupi moja. Ya kwanza: "Makao makuu ya Tanzania ni A. Dodoma B. Paris?" Kajibu A. Ikarudi: "HONGERA! Umepata pointi 500. Jibu swali lifuatalo uikaribie PIKIPIKI." Kila jibu shilingi 200. Wiki ya tatu sasa anaikaribia hiyo pikipiki.

Swali langu: mtu kalipa, zawadi ipo, mshindi anachomolewa kwa droo. Hiyo si bahati nasibu? Na hizi kura za kulipia za waimbaji na mamisi, nazo tuziweke kapu hilo hilo? Naomba hoja, matusi mnayo kwenu.

Binti Mzizima
Paris! Nimecheka hadi mtoto kaamka. Pole kwa mama. Tuma neno ONDOA kwenye hiyo namba.

Wakili Chini ya Mwembe
Umefunga mbuzi wawili kamba moja, ngoja tuwafungue.

Bahati nasibu ina miguu mitatu: umelipa ili uingie, kuna zawadi, na mshindi anapatikana kwa bahati. Mguu mmoja ukikatika, hiyo si bahati nasibu tena. Swali la Dodoma na Paris halipimi ujuzi wowote, ni geti la pambo, kila mtu anapita. Miguu yote ipo. Lakini kuwa bahati nasibu si sawa na kuwa haramu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 (Sura ya 41) haikuizuia, imetaka leseni, na bahati nasibu ya meseji ina leseni yake kabisa. Ndiyo maana kwenye droo za promosheni unamwona ofisa wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kasimama pembeni anashuhudia. Haramu ni ile isiyo na leseni.

Kura ya mwimbaji ni mbuzi mwingine. Anayelipa ni wewe, anayebeba zawadi ni mwimbaji. Mpiga kura hategemei kupata kitu, kwa hiyo mguu wa zawadi haupo. Isipokuwa waandaaji waongeze "kila kura inakuingiza kwenye droo ya simu". Hapo mguu umeota, na leseni inahitajika.

Kwa ufupi kura za kulipia si kosa la jinai. Ni ujinga wa hiari tu, kama ule wa 2011 wa kuupigia kura Mlima Kilimanjaro uingie kwenye maajabu saba ya asili ya dunia.

Mwana Marangu
Wakili, hayo ya juu yote sawa, lakini hapo mwisho umeteleza. Ujinga wa nani? Tuliupigia kura mlima wetu kwa uzalendo. Nilituma meseji 40 kwa mkono huu, na nisingejuta hata zingekuwa 400. Wewe ulichangia nini? Miguu mitatu?

Wakili Chini ya Mwembe
Mlima ulisogea?

Mwana Marangu
Ulishinda! Sherehe ilifanyika Arusha, mawaziri walikuwepo. Soma kwanza ndipo uandike.

Kijana wa Makumbusho
Mwana Marangu, unachanganya uji na chai. Ya Arusha ni Februari 2013, Maajabu Saba ya Asili ya Afrika, tulipata Kilimanjaro, Ngorongoro na uhamaji wa nyumbu Serengeti. Hiyo ni taasisi nyingine kabisa. Ile ya meseji ni ya yule Mswisi Bernard Weber, matokeo yalitangazwa tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011. Kilimanjaro tulikuwa kati ya washindani 28 wa mwisho, tukaachwa. Afrika ikapita Table Mountain ya Cape Town.

Mwana Marangu
Table Mountain ni mlima au ni meza? Urefu wake haufiki hata geti la Marangu! Huo ndio ushahidi kwamba kura ziliibwa.

Jamaa wa Rongai
Habarini majirani. Hamkushinda kwa sababu nusu ya dunia inaamini Kilimanjaro iko Kenya. Na tukisema ukweli, mandhari nzuri inaonekana kutoka Amboseli, kwetu Kenya. Ninyi mna mlima, sisi tuna picha yake.

Binti Mzizima
Haya. Uzi umeisha huu.

Mwana Marangu
Rongai! Kuchungulia chungu cha jirani hakukupi ubwabwa. Kibo iko Tanzania, Mawenzi iko Tanzania, Shira iko Tanzania. Ninyi mna nini zaidi ya dirisha?

Jamaa wa Rongai
Dirisha linalipiwa kiingilio kwa dola, ndugu yangu.

Kiberenge
Wakuu, mama yangu. Pikipiki. Tafadhali.

Jamaa wa Rongai
Samahani bro. Kwetu sheria ya zamani ya 1966, Sura ya 131, ilikuwa inataja mashindano ya zawadi kwa jina lake, mbali na bahati nasibu, na baadaye yakawekewa kodi yake. Mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari. Kwa hiyo kwetu hakuna cha kujificha nyuma ya "ni chemsha bongo tu". Lakini redio zinaendelea kama kawaida. Asubuhi ukipanda matatu mtangazaji anapiga kelele tuma, tuma, tuma, hadi makanga anamjibu.

Ustadhi wa Malindi
Asalaam aleikum. Mnazunguka mbuyu bure. Kamari ni kamari, iwe kwa kete, kwa karata au kwa simu. Maysir, yaani kamari, imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida. Leseni ya Bodi haihalalishi kitu. Mama wa kijana huyu atoe pesa yake sadaka, ndipo ataipata baraka.

Kijana wa Makumbusho
Waaleikum salaam Ustadhi. Mbona 2014 Idris alipochukua dola 300,000 za Big Brother hatukusikia sauti yako? Unguja na bara wote tulishangilia.

Ustadhi wa Malindi
Kushangilia si kutuma meseji. Na mimi sikushangilia. Nilitabasamu.

Dada wa Leicester
Shikamoo Ustadhi. Ngoja niwaletee ya huku Uingereza, maana mnadhani haya ni yetu tu. Sheria yao ya kamari ya 2005 imekaa kwenye miguu ile ile ya Wakili, lakini ina kijanja kimoja: meseji au simu ya bei ya kawaida haihesabiwi kuwa malipo. Ukitozwa zaidi ya bei ya kawaida ndipo umelipa. Ndiyo maana mashindano mengi ya TV yanakuwekea njia ya bure, utume kwa posta au uingie mtandaoni, ili mguu wa malipo ukatike. Na swali la "Paris au Dodoma" kwao halipiti kama ujuzi, kwa sababu halizuii idadi ya maana ya watu.

Sasa cha kuchekesha. Mwaka 2007 ndipo yalipofumuka. GMTV, televisheni ya asubuhi ya huku, walipigwa faini pauni milioni 2, washindi walikuwa wanachaguliwa kabla laini hazijafungwa, watu wanaendelea kupiga na kulipa huku jina limeshapatikana! Mwaka uliofuata ITV ya huku, si ya Dar, wakapigwa zaidi ya pauni milioni 5. Hata kipindi cha watoto cha BBC, Blue Peter, kiliguswa: simu iligoma, wakamchukua mtoto aliyekuja kutembelea studio wakamfanya mshindi aliyepiga. Halafu ikaja kujulikana watoto walimpigia kura paka aitwe Cookie, wao wakamwita Socks.

Binti Mzizima
Subiri. Wameiba kura ya PAKA?

Kijana wa Makumbusho
Nchi iliyotufundisha kuhesabu kura, wameshindwa kumhesabia paka.

Mwana Marangu
Ndiyo nasema! Kama paka wa Uingereza kaibiwa, Kilimanjaro ni nani? Wakili aombe radhi.

Wakili Chini ya Mwembe
Siombi. Dada kaleta jambo la maana na ninyi mmekimbilia paka. GMTV kosa halikuwa leseni, kosa lilikuwa udanganyifu: unamuuzia mtu nafasi ambayo haipo tena. Swali la Kiberenge libadilike hivi: si "ni bahati nasibu?", bali "droo ilifanyika lini, nani alishuhudia, na kura ya mwisho ilipokelewa saa ngapi?"

Jamaa wa Rongai
Kura za meseji hazikuwa wizi siku zote. Tusker Project Fame, lile shindano la waimbaji, 2009 alichukua Alpha wa Rwanda, 2013 Hope wa Burundi. Wakenya tuko wengi kuliko wote hao na bia ilikuwa yetu. Kama ni pesa na wingi, Burundi ingepita wapi?

Kijana wa Makumbusho
Labda wao walikuwa na mjomba mwenye vocha. Ndiyo shida ya mfumo huu, mtu mmoja kura 1,000. Jeju ya Korea ilishinda ile ya 2011 huku serikali ya kisiwa ikilipa bili ya simu ya mabilioni ya won, na ikaja kugundulika namba ile "ya kimataifa" haikuwa ya kimataifa. Maldives walijitoa kabisa kwa sababu ya ada walizodaiwa na waandaaji. UNESCO nao walishasema hawahusiki na hayo mashindano. Sisi tukawa tunatangaziwa "mpigie kura mlima wako".

Mwana Marangu
Kwa hiyo meseji zangu 40 zilienda wapi?

Kijana wa Makumbusho
Zilipanda mlima. Hazijashuka.

Babu Posta
Vijana, nimewasoma tangu asubuhi, miwani imevunjika mkono mmoja. Bahati nasibu mnayoisema ni mpya kwenu. Sisi tulikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa, sheria yake ya 1974. Ulinunua tiketi, karatasi, ina namba, unaikunja unaiweka kwenye Kurani au Biblia kufuatana na dini yako. Usiposhinda unabaki na karatasi. Hii ya leo mtu anakatwa hela na habaki na chochote cha kumwonyesha mkewe. Ofisa wa Bodi akishuhudia droo, mama wa Tandale anajuaje kwamba namba yake ilikuwa kwenye lile pipa? Nijibuni hilo.

Binti Mzizima
Shikamoo Babu. Ulishawahi kushinda?

Babu Posta
Marahaba. Mara moja. Baiskeli. Iliibwa.

Ustadhi wa Malindi
Subhanallah. Mali ya kamari ina miguu.

Jamaa wa Rongai
Mitatu, kama alivyosema Wakili.

Mwana Marangu
Wakili bado hajaomba radhi.

Wakili Chini ya Mwembe
Natoa neno "ujinga", naweka "ukarimu usio na risiti". Umeridhika?

Mwana Marangu
Kidogo.

Kiberenge
Nimerudi. Nimetuma ONDOA, ikajibu "Neno si sahihi", 200 ikakatwa. Nikatuma TOKA, vile vile. Nikatuma SITAKI, nikapewa pointi 500. Nimepiga huduma kwa wateja ya mtandao, nimesikiliza muziki dakika 14, dada kaniambia wamemwondoa, nisubiri saa 24. Bodi nitawaandikia kesho niulize kama hiyo namba ina leseni. Wakili asante, hilo la droo kufanyika lini nitaliweka kwenye barua.

Ila kuna jipya. Kwenye zilizotumwa nimekuta nyingine 15, namba fupi tofauti. Mashindano ya kwaya za vijana, kila kura shilingi 300. Nikamwambia mama, na hii je? Kanitazama kama vile nimemwaga mafuta ya vitumbua. Kasema: "Hiyo si kamari, hiyo ni mtoto wa Mama Rehema."

Binti Mzizima
Hahaha. Anashika nafasi ya ngapi huyo mtoto?

Kiberenge
Ya tatu. Kura zinafungwa Jumapili.

Mwana Marangu
Weka namba.