Tupeane uzoefu: waliowahi kuzuru makumbusho yaliyokuwa makao ya yatima

Mtoa mada:
Ndugu wanajamvi, naomba waliowahi kuingia katika makumbusho ya namna hii watueleze walichokiona, hasa kuhusu majina na asili za watoto waliolelewa humo. Naanza na Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, na wengi wa waliopokewa mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Unguja, ambao hawakuwa tena na njia ya kurudi kwa wazazi wao bara. Iliyokuwa nyumba ya masista ndiyo makumbusho leo. Nilielezwa jinsi watoto walivyofundishwa kusoma, kilimo na ufundi, na jinsi walivyopewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni walipokua na kuoana. Minyororo inatisha, lakini kilichoniumiza zaidi ni picha za zamani, kwa sababu watoto wale walipobatizwa walipewa majina mapya, nami nikawa natazama nyuso ambazo mama zao waliziita kwa majina mengine. Kwa maoni yangu, jambo hilo linastahili kutengewa ukuta mzima.

Mchangiaji wa kwanza:
Ahsante, mtoa mada. Mimi naishi Italia na nimezuru Museo degli Innocenti, Firenze, katika jengo lililobuniwa na Filippo Brunelleschi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1419 chini ya chama cha wafanyabiashara wa hariri. Mtoto wa kwanza alipokewa tarehe 5 Februari 1445, sikukuu ya Mtakatifu Agata, akaitwa Agata Smeralda. Humo kuna droo ndogo zenye majina ya watoto, na ndani yake zimehifadhiwa alama walizoachiwa: msalaba mdogo, au medali iliyokatwa nusu. Nusu ya pili ilibaki kwa mzazi, ili siku akirudi vipande viunganishwe na mwanawe atambulike. Mimi ni mzazi, na sikuweza kuzimaliza droo zile.

Mchangiaji wa pili:
Niongezee London. Jengo la Foundling Hospital, taasisi iliyoanzishwa na Thomas Coram mwaka 1739, lilibomolewa katika miaka ya 1920, ila makumbusho yaliyo jirani yamehifadhi ukumbi wa vikao vya wakuu wake. Maombi yalipozidi nafasi, kina mama walitakiwa kutoa mpira mfukoni bila kutazama: mweupe, mtoto alipokewa iwapo ni mzima, mwekundu, alisubiri, mweusi, alirudishwa. Waliopokewa walibadilishwa majina kama wale wa Bagamoyo, lakini kipande cha nguo au sarafu iliyochongwa kiliwekwa pamoja na karatasi za baadhi ya watoto ili waweze kutambuliwa baadaye. Kati ya watoto 16,282 waliopokewa baina ya mwaka 1741 na 1760, waliorudiwa na wazazi wao ni 152 tu.