Kura ya kwanza Bronx, na wagombea wenye kashfa

Dada wa Bronx:
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwaka 2025 nilipiga kura ya kwanza tangu nipate uraia wa Marekani. Juni, kwenye mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea umeya wa jiji la New York, nikakutana na jina la Andrew Cuomo, gavana wa jimbo la New York aliyejiuzulu Agosti 2021 baada ya ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo kusema aliwanyanyasa kijinsia wanawake 11 (mwenyewe alikana). Hivi hawa huwa wanarudi kweli? Halafu mdogo wangu mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia) anauliza kama naye anaruhusiwa kupiga.

Mangi wa Kiborloni (likizo, Moshi):
Marahaba, hongera dada. Swali lako nililipeleka kwa muuza kahawa pale Mbuyuni. Mzee mmoja, kashata bado iko mdomoni, akadakia: "Huyo kwao aliwafanyia nini?"

Mzee kagusa penyewe. Marion Barry, meya wa Washington, alinaswa kwenye video Januari 1990 akivuta crack (aina ya kokeini), akala miezi sita jela. Mwaka 1992 akapata udiwani kata ya Ward 8, kwa walalahoi, na 1994 akarudishiwa umeya. Tangu 1979 vijana kibao wa mji ule walipata kibarua chao cha kwanza kwenye mpango wake wa kazi za likizo. Mama aliyeona mwanawe analeta mshahara nyumbani, utamwambia nini kuhusu video?

Mark Sanford wa South Carolina naye: 2009 wasaidizi wanasema gavana yuko milimani Appalachia, kumbe yuko Argentina kwa mchepuko! Mwaka 2013 akarudi Kongresi (Bunge la Marekani), jimbo lile lile la zamani. Wote wawili walianza na kiti kidogo, kwa watu wao.

Anthony Weiner alijiuzulu Kongresi 2011 kwa picha chafu. Akaomba radhi, 2013 akagombea umeya wa New York na kwa muda akaongoza kura za maoni. Ghafla zikafumuka meseji nyingine, alizotuma baada ya kujiuzulu. Akaambulia kama asilimia 5. Cuomo wako alirukia jiji zima, na mpinzani wake Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, akambwaga Juni kwenye mchujo na tena Novemba kwenye uchaguzi wenyewe. Ila Mamdani alihubiri kodi za nyumba kutwa kucha, tusiipe kashfa sifa zote.

Kaka wa Ngarenaro:
Mangi, mbona umevuka bahari wakati Monduli ipo? Lowassa aliachia uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, 2010 wakamrudisha bungeni. Mwaka 2015 akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Najua, ile haikuwa ya chumbani.

Mama Njiro, Houston:
Jamani, mmemsahau mdogo wa dada! Mwambie ASIPIGE. Kura ya taifa bila uraia ni kosa la jinai, unaweza kufukuzwa nchini. Na mtego uko kwenye leseni ya udereva: karani anakuuliza haraka haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, foleni ndefu nyuma yako, unaitikia tu. Mimi nilishashika kalamu kuweka tiki, binti yangu akanivuta mkono. Baadaye fomu ya uraia, N-400, inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Kama alishatia tiki, amwone wakili wa uhamiaji kabla hajajaza chochote.

Mangi, kahawa ya Kibosho kilo mbili, iliyokaangwa. Nitalipia.