Naomba ushauri: shampeni na waini za zawadi kwa bei nafuu hapa Dar

Wakuu, heshima kwenu.

Desemba inakaribia na nina watu wa kuwashukuru: bosi, mama mkwe (yeye hanywi, wa kwake ni kitenge) na wateja wachache walionibeba mwaka huu. Nataka chupa zenye heshima, bajeti yote isizidi 400,000.

Nimepita supamaketi za Mlimani City na Masaki. Shampeni yenyewe, ile ya mkoa wa Champagne kule Ufaransa, bei imenikimbiza. Nikaangalia Prosecco ya Italia na Cava ya Hispania. Zote zina povu, na Cava inachachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama shampeni. Sasa kwa bosi mpenda majina makubwa, si ataona nimembania?

Halafu hizi ofa. Chupa inayouzwa nusu bei huku imekaa dirishani inapigwa jua la Dar, mimi siigusi. Waini nyeupe ikishakuwa na rangi ya chai, hiyo imekwisha. Wenye uzoefu, punguzo la kweli huanza lini, kabla ya Krismasi au baada ya mwaka mpya? Na maduka ya jumla ya Kariakoo yapi yana chupa zenye stempu halali ya TRA? Sitaki zawadi ya kumlaza mtu hospitali.

Kuna mteja wangu Mzungu pia. Nafikiria waini ya Dodoma, maana ya Afrika Kusini anaikuta kila mahali. Nyekundu ipi isiyo tamu sana?