Tupeane uzoefu: wafugaji wa paka, mbwa na njiwa Mombasa, tuelezane habari zao

Binti wa Kibokoni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Leo ni siku ya 12 tangu nimzike Shombo, paka wangu wa miaka 9, chini ya asumini uani kwetu.

Nilimwokota kitoto chini ya meza ya muuza samaki, ananuka vibua mwili mzima, ndipo akapata jina. Alipokua, kila asubuhi alikaa barazani na mama yangu kumngoja mchuuzi wa samaki anayepita na baiskeli. Baiskeli ikiwa ingali kona ya pili, Shombo yuwainuka, yuwajinyosha, na mama naye aitisha sahani. Hata msimu wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo visitoke, paka yule alikaa papo hapo mpaka jua limfikie, ndipo arudi ndani. Mama akimwambia, "Leo hakuna, mwanangu, kusi limekaza." Sasa mama hukaa barazani peke yake, na hayo maneno hana wa kumwambia.

Nieleze na kilichomuua, huenda kikamfaa mtu. Alianza kwenda kwenye mchanga wake mara kwa mara, achuchumaa, atoka, arudi tena. Nikadhani amefunga choo, nikamtilia mafuta kidogo kwenye chakula. Kumbe kilichofunga ni mkojo. Daktari wa mifugo alinieleza kuwa njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, huziba upesi, na uchafu ukirudi damuni mwili hauhimili. Paka dume akichuchumaa asitoe kitu, mpeleke siku ile ile. Mimi nilingoja siku 2, na siku 2 hizo hazinitoki moyoni.

Watu wamenipa pole, lakini wengi wakamalizia, "Si paka tu? Mtaa mzima umejaa paka." Kweli umejaa. Ila aliyejua hatua za mama yangu alikuwa mmoja. Tafadhali nielezeni habari za wenu, walio hai na waliokufa. Nataka kusikia.

Abiria wa Feri

Pole sana dadangu. Mimi niko Likoni, na mbwa wangu Chui yu hai, basi nikupe habari ya uzima.

Natoka nyumbani saa 11 alfajiri. Chui hunisindikiza mpaka juu ya mteremko wa feri, pale watu wanapoanza kusongamana, husimama. Hajawahi kuvuka hapo. Hunitazama mpaka nipotee katika umati, kisha hugeuka akarudi zake. Jioni namkuta ameketi kando ya karai la mama muuza viazi, kichwa juu ya miguu. Mama yule ananiambia wanashuka mamia kwa mamia, na Chui hanyanyui kichwa, mpaka nishuke mimi.

Mwaka jana nililazwa siku 4. Alikaa pale jioni zote 4 mpaka usiku. Nyumbani alilishwa na jirani yangu, mzee wa Kiislamu. Mzee huyo hamgusi mbwa, wala mimi simlazimishi, najua mambo ya udhu. Lakini kila siku anaweka maji katika mkebe nje ya ukuta wake. Nilipomshukuru alinikumbusha kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamghufiria. Akasema yeye hana kisima, ana mfereji.

(Wenye mbwa: chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, jamani. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali akadungwe sindano. Si la kungoja kuona kama mbwa ataugua.)

Mama Wanne, Kisauni

Binti wa Kibokoni, pole mwanangu. Usijilaumu. Ulimtazama ukampa ulichojua.

Mimi mwezi wa nne, masika yameshika, tuktuk ilimgonga paka wa jirani akaacha vitoto 4 chini ya ngazi yetu, macho hayajafunguka. Kunguru walishawaona. Wamejipanga juu ya mabati wanangoja tu niingie ndani, na mnawajua kunguru wa Mombasa. Nikavitia ndani ya sufuria kubwa na kanga yangu kuukuu.

Siku ya kwanza nikavipa maziwa ya ng'ombe, vikaharisha vyote, na kimoja kikafa usiku. Asubuhi nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaambiwa maziwa ya ng'ombe hayawafai, nikauziwa ya vitoto vya paka, ya unga. Nikafundishwa na jambo ambalo sikulijua na umri wangu huu: kitoto kichanga hakiwezi kukojoa chenyewe, mamake humlamba ndipo akojoe. Basi kila baada ya kukinywesha kwa sirinji, unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unakipangusa chini polepole. Na usikinyweshe kikiwa baridi, kipashe moto kwanza kifuani kwako.

Wanangu walipanga zamu, kila saa 3, usiku na mchana. Yule wangu wa tatu, ambaye kumwamsha kwenda shule ni vita, saa 8 za usiku alikuwa akiamka mwenyewe. Vitatu vikapona. Kile kilichokufa tulikizika, na mwanangu huyo huyo alikaa kimya siku nzima. Sikumwambia ni paka tu. Nilimpikia mahamri.

Njiwa wa Majengo

Nyinyi mna paka na mbwa, mimi nina njiwa juu ya dari, na watu hudhani njiwa hana habari.

Njiwa hutaga mayai mawili, na hulalia wote wawili, mume na mke, kwa siku kama 18. Wana zamu. Mume huingia asubuhi jua likipanda, na mke hupokea alasiri akalalia mpaka kesho yake. Wangu, yule mweupe na mkewe wa kijivu, hawakukosa zamu hata siku moja.

Siku ya 10 mwewe akamchukua yule wa kijivu mbele ya macho yangu. Mume yuko ndani, hakuona. Alasiri akainuka nusu, kama kawaida yake, angoja apokewe. Akakaa. Akainuka tena. Magharibi ikaingia hakuna aliyekuja. Nilidhani atayaacha mayai, kwani wengi huacha. Alilala juu yake usiku ule na usiku uliofuata, hali wala kunywa, mpaka nikamsogezea mtama na maji mdomoni mwa tundu. Yai moja liliangua. Kinda sasa anaruka. Mume bado kila alasiri husimama ukingoni akaguruma peke yake.

Dada, nilikuwa sijapata kumwambia mtu habari hii. Poleni wewe na mama.

Baba wa Changamwe

Nina swali pia. Tulinunua mbuzi wa Idi ya kuchinja miezi 2 mapema, bei ikiwa nafuu. Mwanangu wa miaka 7 akampa jina, akamlisha maganda ya ndizi kwa mkono. Siku ilipofika nilimweleza ukweli, sikumficha. Akaenda akamkumbatia, kisha akaingia chumbani. Nyama hakula, na sikumlazimisha. Mnaona nilifanya sawa?

Mwalimu wa Bamburi

Baba wa Changamwe, ulifanya sawa kumwambia, na sawa zaidi kutomlazimisha.

Binti wa Kibokoni, kuhusu hao wa "si paka tu". Mnamkumbuka Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi Desemba 2004, wakati wa tsunami, akaletwa hapa kwetu Haller Park, ile hifadhi ya wanyama? Alipofika alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe Mzee, mwenye umri wa miaka kama 130. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Watu walitoka ng'ambo kuja kuwatazama, na wanafunzi wangu wakijipanga uani wakiulizana kama Mzee amekubali kuwa mamake. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema ni kiboko tu. Basi lako la barazani Kibokoni ni jambo lile lile.

Binti wa Kibokoni

Nimewasomea mama zote. Ya njiwa alinirudisha niisome mara mbili. Baba wa Changamwe, mama asema mwambie mtoto mbuzi yule aliishi vizuri miezi yake 2.

Jana mchuuzi wa samaki aliuliza, "Mteja wangu yuko wapi?" Mama akamwambia. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaketi barazani kitambo bila kusema. Leo alipita tena, akaweka vichwa viwili vya vibua kwenye sahani ile ile, akaenda zake. Kuna paka jike wa madoadoa wa kule chini kwa mfereji, amekuja akavila. Mama hakumfukuza. Alimwambia tu, "Kula polepole, mna mifupa."