Kifafa cha mdogo wangu kimetulia, lakini yeye hajatulia

Dada wa Likoni:
Assalamu aleikum. Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni, na tangu daktari alipombadilishia dawa akampa levetirasetamu, hajaanguka tena. Hata hivyo amekuwa mkali kwa jambo dogo, usiku halali, na juzi alimwambia mama kwamba lau angekufa sote tungepumzika. Wazee wanasema ni jini, na wanataka aache dawa apelekwe kwa mganga. Je, hali hii huletwa na kifafa chenyewe au na dawa?

Muuguzi, Kisauni:
Waaleikum salaam, dada. Kabla ya yote, maneno hayo ya kufa yasipuuzwe: muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali leo badala ya kungoja tarehe yake ya kliniki.

Ama kuhusu chanzo, yote mawili yanawezekana. Takriban mtu 1 kati ya 4 wenye kifafa hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya kudumu, kwa sababu sehemu za ubongo zinazohusika na kifafa mara nyingi ndizo zinazoongoza hisia, na wapo ambao huzuni iliwaanza kabla hawajaanguka hata mara moja. Levetirasetamu nayo inajulikana kuleta hasira na huzuni kwa baadhi ya watu. Pamoja na hayo, nawasihi msiikatize wenyewe, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo, yaani degedege lisilokoma, ambacho kinaweza kuua. Daktari ndiye atakayeibadilisha, na kwa utaratibu.

Mkazi wa Changamwe:
Mimi pia nina kifafa. Kwa miaka mingi niliulizwa kliniki nimeanguka mara ngapi tu, nami sikusema kwamba nilikuwa naogopa kupanda feri nisije nikaanguka mbele za watu, wala kwamba nilikuwa nimekata tamaa ya kuoa. Nilipolisema hilo nilipewa setralini, dawa ya sonona, na ushauri nasaha, nikapata nafuu, na kifafa hakikuzidi. Wazee waambieni kwa heshima kwamba dua isomwe, na dawa iendelee.

Dada wa Likoni:
Ahsanteni sana. Mama amekubali, tunaondoka naye sasa hivi. Nibebe nini?

Muuguzi, Kisauni:
Dawa zake zote, kadi ya kliniki, na tarehe alipoanza levetirasetamu pamoja na siku mlipoanza kuona hasira. Mweleze daktari maneno yaleyale aliyomwambia mama, bila kuyapunguza.